Gumato Hatoki

Watu wa bulla ile, mtaa wao wa Garissa, wana midomo. Waulize habari za Gumato, watakuambia ni yule bibi aliyemfungia mkwewe nje ya nyumba yake mwenyewe kwa ajili ya kobe. Watasema hivyo wakicheka, kisha watatikisa vichwa kana kwamba majumbani mwao hakuna runinga. Uongo mtupu. Gumato hakumfungia mtu mlango. Mlango ulikuwa wazi siku zote, pazia lake likipepea. Alichofanya yeye ni kukaa tu. Kama kukaa kitako ni kosa, basi Garissa nzima na ishtakiwe.

Alizaliwa huko nyuma ya Wajir, kwenye malisho ya Waborana, ambako mtoto hujua rangi za ng'ombe wa kwao kabla hajajua majina ya wajomba zake. Shule aliiona kwa mbali: jengo la mabati, bendera, na kaka yake Molu akikimbilia huko na viatu mkononi ili visichakae. Yeye alikuwa na ndama wa kuchunga. Akakua, akaolewa, akazaa, akazika mume, na miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kuheshimika kwa sababu alikuwa na ng'ombe. Kisha ukaja ule ukame ambao watu wa kaskazini mashariki hawahitaji kukumbushwa. Ng'ombe wa Gumato waliisha mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa mweupe mwenye madoa, akafia njiani wakielekea kisimani, na Gumato akaendelea na safari peke yake na kamba mkononi.

Bintiye Tuye alikuwa ameolewa Garissa na dalali wa mifugo aitwaye Golicha, mtu aliyekulia malishoni kama Gumato mwenyewe, mwenye simu mbili na sauti kubwa sokoni. Tuye akamwita mamaye aje kuishi nao. Gumato akaja, na hapo ndipo penye kazi.

Kwa Waborana, mama mkwe na mkwe hawachezi. Hawakai chumba kimoja, hawali sahani moja, hawatazamani usoni, na jina la mkwe halitoki mdomoni mwa mama mkwe hata akibanwa vipi. Mkwe akitaka kuingia mahali alipo mama wa mkewe, hukohoa nje. Mama akisikia kikohozi, hujifunika shali akatoka kwa upande mwingine. Wakiwa na neno la kuambiana, hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama kila mmoja anamsikia mwenzake wazi kabisa. Dini haidai yote hayo. Kwa dini mkwe ni kama mwanawe wa kumzaa. Ni mila, na Gumato aliishika barabara, tena kwa moyo mkunjufu. Golicha naye alikuwa mkwe wa kujivunia. Alimjengea mama kibanda chake pembeni mwa ua, kisha akatoboa mlango wa nyuma katika nyumba kubwa, ili yeye akikohoa mbele, mama apate pa kutokea. Majirani walimsifu sana kwa mlango ule.

Basi Garissa Gumato akawa mtu wa kukaa. Kuamka, kuswali, kunywa chai, kungoja adhuhuri, kungoja alasiri. Maji yaliletwa na mkokoteni wa punda, maziwa yalinunuliwa, kuni zilinunuliwa. Hakuna kazi iliyomngoja. Wageni wakija, Tuye aliwaambia, "Huyu ni mama, amekuja kupumzika." Gumato alilichukia neno hilo. Kwake yeye, mtu hupumzika akiwa na kazi ya kurudia.

Runinga ililetwa baada ya Golicha kuuza vizuri mbuzi wa Balambala. Ilikuwa kubwa, bapa, ikatundikwa ukutani sebuleni, na dishi lake likafungwa juu ya bati. Mwanzoni Gumato hakuijali. Aliipita akienda jikoni, akaona ndani yake watu wanazozana, akasema watu wa kuzozana wako tele hapa nje. Kisha siku moja kabla ya adhuhuri, Golicha akiwa sokoni, mjukuu wake Fardosa, aliyekuwa ametoka chekechea, akamshika mkono.

"Akko, njoo umwone Bibi Kigae."

Akko ndiyo bibi kwa Kiborana, na mjukuu akiita hivyo hakataliwi. Gumato akaenda.

Bibi Kigae ni kobe. Si kobe hai. Ni wa kitambaa, ana miwani na leso kichwani, na ndiye anayeongoza kipindi cha watoto kiitwacho Herufi za Mchangani. Hutoka taratibu nyuma ya jiwe, hujikalisha chini, halafu huchora herufi mchangani kwa mguu wake mmoja. Akishachora huuliza, "Hii ni nini, wajukuu zangu?" Kisha hutega sikio, hunyamaza, hungoja. Hungoja kwelikweli. Watoto wanaotazama hupiga kelele wakijibu, naye hutikisa kichwa kwa furaha kana kwamba amewasikia wote.

Siku ile ya kwanza Bibi Kigae aliposema "Hamjambo," Gumato alijibu. Tena alijibu sawasawa, kama anavyojibiwa mtu mzima aliyetoka mbali: hatujambo, na wewe je, na watu wako, na mifugo yako, na huko kwenu mvua imenyesha? Alikuwa bado yuko kwenye mvua kobe alipoanza kuchora. Fardosa akacheka mpaka akalala mkekani.

"Akko, hakusikii. Yuko ndani ya tivii."

"Ananingoja nijibu," Gumato akasema. "Huoni alivyotega sikio?"

Alielezwa kwamba kipindi kilipigwa picha zamani huko Nairobi, na kwamba ndani ya kobe mna mkono wa mtu. Akaelewa mara moja, hakuwa mjinga. Lakini salamu hakuacha. Alisema mkono ni wa mtu, na mtu husalimiwa.

Kuanzia hapo hakukosa. Alijifunza a, akajifunza e, akajifunza i. Kipindi kikiisha alitoka uani akachora mchangani kwa kidole, akafuta, akachora tena. Kuku walipita juu ya herufi zake naye akawafukuza kwa hasira ya kweli. Bibi Kigae akikosea kwa makusudi ili watoto wamsahihishe, Gumato alimkemea: "Wewe ni mtu mzima, angalia unachofanya." Aliyasoma magunia ya unga, aliisoma sabuni, alisoma upande wa pakiti ya majani ya chai, hapa herufi mbili, pale tatu. Kisha asubuhi moja mkokoteni wa maji ukasimama mlangoni, na kwenye pipa palikuwa pameandikwa kwa rangi nyeupe. Gumato akatazama. Ma. Ji. Akalisema neno zima kwa sauti, akakaa chini pale pale kizingitini, akalia. Hakuona aibu kulia. Tangu ng'ombe wafe, kila kitu maishani mwake kilikuwa kikipungua, na hiki kilikuwa kimeongezeka.

Mambo yalichacha pale kituo cha runinga kilipobadilisha ratiba. Herufi za Mchangani ikahamishiwa jioni, baada ya alasiri, ikafuatwa moja kwa moja na Darasa la Wakubwa, kipindi cha watu wazima kinachofundisha ufugaji, afya na mambo ya ardhi. Na baada ya alasiri ndipo soko la mifugo hupoa, na ndipo Golicha hurudi nyumbani.

Siku ya kwanza ya ratiba hiyo mpya, Bibi Kigae hata hajamaliza salamu, kikohozi kikasikika nje. Gumato akajifunika shali, akatoka kwa mlango wake wa nyuma. Kesho yake, kikohozi. Akatoka. Kesho kutwa yake kikohozi kilikuja kobe akiwa ametega sikio, akingoja, na Gumato akatoka na jibu lake mdomoni. Hilo lilimuuma. Aliketi kibandani kwake akaongea na ukuta.

"Mtu mzima ameniuliza swali, nami nimenyanyuka nikaondoka. Adabu gani hii?"

Tuye alijaribu kutuliza mambo. "Ayyo, mama yangu, mimi nitaangalia, halafu jioni nikusimulie."

"Herufi haisimuliwi, Tuye. Halafu utaangalia saa ngapi, na kila akiingia anakutuma chai?"

Hilo lilikuwa kweli. Golicha akiingia alimtuma mkewe chai, akamtuma Fardosa akacheze kwa jirani, akashusha pazia, akabaki na runinga yake peke yake.

"Kwani chake si kile kipindi cha pili?" Gumato akauliza. "Kile cha mbuzi na chanjo? Mbona anakimbilia cha kwanza?"

"Anataka kupumzika," Tuye akasema, akiangalia chini.

"Mwambie apumzike kidogo huko msikitini na wenzake. Cha mbuzi kikianza, aje. Nitakuwa nimeshatoka."

Tuye akapeleka neno. Jibu lilirudi limefungwa kwa adabu: mwambie mama ninamheshimu sana, ndiyo maana huwa nakohoa. Gumato akalisikiliza jibu hilo mpaka mwisho, akasema haya, akaenda zake kulala.

Siku iliyofuata kikohozi kilipokuja, hakutoka.

Asikudanganye mtu kwamba hakuogopa. Magoti yake yaliinuka yenyewe, kwa mazoea ya maisha yote, naye akayashikilia chini kwa mikono miwili. Kikohozi cha pili kikaja, kirefu zaidi. Gumato akakaza macho kwenye runinga.

"Tuye," Golicha akasema kutoka nje, "mwambie mama nimefika."

Tuye alikuwa kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Akamgeukia mamaye. "Ayyo, anasema amefika."

"Nimesikia. Mwambie karibu."

"Anasema karibu," Tuye akasema kuelekea nje.

Karibu ile ilikuwa haina pa kuingilia, na wote watatu walijua.

"Mwambie mama siwezi kuingia akiwa yumo ndani."

"Mwambie mume wako mimi simzuii. Kinachokatazwa ni kutazamana. Mimi simtazami yeye, ninamtazama kobe."

Golicha akabaki nje. Angefanya nini? Kuingia hawezi, kumfokea mama mkwe hawezi, na kutumia nguvu ni jambo la kutotajwa. Akasimama kwenye jua la jioni, akikohoa kila baada ya muda kama mtu anayebisha hodi kwa viziwi. Herufi za Mchangani ilipokwisha, Gumato akajifunika shali yake vizuri, akatoka kwa mlango wa nyuma, akamwachia sebule. Darasa la Wakubwa Golicha alilipata lote, hata muziki wa kuanzia hakuukosa. Ungedhani ameridhika. Aliingia amenuna, hakunywa chai, hakuongea na mtu.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Yeye anakohoa, mama anakaa. Jirani yao Jawahir, mama wa Kisomali mwenye huruma ya haraka, alivumilia kisha akaleta chupa ya chai ya tangawizi juu ya ukuta.

"Abaayo Tuye, dada yangu, mume yako ako na kifua mbaya sana. Hii kikohozi si ya kawaida. Beleka yeye hosbitali."

Tuye akapokea chupa kwa aibu. Alipoingia ndani alimkuta mamaye anatikisika mabega, na akadhani analia. Kumbe anacheka.

Aliyekuwa hacheki ni Golicha. Sokoni watu walianza kumuuliza habari za mapafu yake. Akampigia simu Molu, kaka yake Gumato, kule Wajir, akamweleza kwa heshima zote kwamba mama ameshikwa na kitu cha runinga na mila imeanza kukanyagwa. Molu, karani mstaafu, mtu wa kanzu safi na maneno machache, alipanda basi akaja. Gumato alipomwona anashuka na fimbo yake na mfuko mdogo wa mtu asiyekusudia kukaa, alijua amefuatwa. Alimlaki kwa mapenzi, akamwekea maziwa. Kupelekwa Wajir maana yake ni kukaa nyuma ya nyumba ya mtu mwingine, katika kona nyingine, akingoja adhuhuri nyingine. Na alikuwa amebakisha herufi chache tu.

Kikao kiliwekwa jioni ile ile, baada ya alasiri. Molu na Golicha walikaa uani kwenye mkeka. Gumato alikaa ndani ya sebule, nyuma ya pazia, asione wala asionekane, kama mila inavyotaka. Tuye akasimama mlangoni kati yao.

"Gumato," Molu akaanza, "mkwe wako hana neno baya juu yako. Lakini mtu hawezi kusimama nje ya nyumba yake kila siku kama mgeni. Kesho asubuhi kuna basi. Utarudi nami Wajir. Kwangu nafasi ipo."

"Kwako kuna runinga?"

"Hakuna. Na sina mpango."

"Basi nafasi hiyo mpe mtu mwingine. Mimi hapa sitoki."

Molu akaguna. Hakuzoea kujibiwa hivyo na dada yake. "Hilo si la kuchagua, dada yangu. Ni heshima."

"Nikuambie habari ya heshima?" Sauti ya Gumato haikupanda, lakini ilivuka pazia na kufika mpaka ukutani, alikokuwa Jawahir anajifanya anaanika nguo. "Ulipokwenda shule, Molu, ile zamu ya ndama ilikuwa yako. Nikaishika mimi, nikaambiwa ni heshima ya kaka. Haya. Nikaolewa. Baba mkwe akikohoa, nilitoka. Wazee wa mume wangu wakikohoa, nilitoka. Mtoto ananyonya, nilitoka naye. Chungu kiko motoni, nilikiacha nikatoka. Mvua inanyesha, nilitoka nikasimama kwenye mvua. Nikajiambia, vumilia, iko siku nawe utakuwa mama mkwe, mtu mzima, utakaa. Sasa nimekuwa mama mkwe, na mkwe anakohoa. Nyinyi wawili mnaojua mila, niambieni. Ni lini mimi ninakaa?"

Golicha alikuwa akichora chora mkekani kwa kidole. Molu akarekebisha kofia yake.

"Mila hiyo hatukuitunga sisi," akasema mwishowe.

"Sijasema mmeitunga. Na sijaikataa. Nimejifunika, sijamtazama, jina lake sijalitaja hata siku moja. Lakini heshima hii ni ya watu wawili, kwa nini iendeshwe na miguu yangu peke yangu? Na yeye ana miguu. Mimi nikiwa nimekaa, na ajue nimekaa."

"Nyumba ni yake, Gumato."

"Nyumba ni yake na runinga ni yake, Mungu amzidishie. Kichwa ni changu. Ng'ombe wangu wamekwisha, Molu, uliwaona kwa macho yako. Kilichobaki ni hiki kichwa, na ninataka kukitia kitu kabla sijafa. Mkinipeleka Wajir mtakuwa mmepeleka mzigo. Mimi si mzigo. Sitaki kuhamishwa hamishwa kama gunia."

Ng'ambo ya ukuta Jawahir akasema, si kwa sauti kubwa, "Wallahi, haki yake." Nguo zake zilikuwa zimekwisha kuanikwa zamani.

Golicha alisikia hilo, na masikio yakamchoma. Kuna aibu anayoweza kuivumilia mtu, na kuna ile ya kusikiwa na jirani. Akasimama.

"Tuye, mwambie mama runinga ninaiondoa leo. Naipeleka dukani kwa rafiki yangu Keynan, akae nayo huko. Ugomvi utakuwa umekwisha na hakuna atakayekwenda Wajir."

Tuye hakugeuka. Alimtazama mumewe kwa muda, mwiko ukiwa bado mkononi, kwa sababu siku hizo alikuwa ameuzoea kama fimbo.

"Mwambie," Golicha akasema.

"Amekusikia. Na mimi nimekusikia." Kisha Tuye akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aolewe. Akauacha mlango, akaingia ndani, akaketi mkekani kando ya mamaye. Mjumbe akawa hayupo tena.

Ndani ya sebule muziki wa Herufi za Mchangani ukaanza. Golicha akakohoa. Akangoja. Akakohoa tena, kikohozi kirefu cha kumtoa hata aliyelala, na Molu kwenye mkeka akainamisha kichwa akisikiliza kama mlango wa nyuma utalia. Mlango haukulia. Gumato alikuwa amekunja miguu yake chini ya gauni na kuikalia.

Basi Golicha akalivuta shuka lake la mabegani, akajifunika kichwa na uso mzima, akaingia.

Hebu fikiria hali hiyo. Mwanamume mwenye simu mbili na sauti ya kusikika soko zima, anaingia sebuleni kwake amejitanda kama bi harusi, anapapasa ukuta, anakanyaga mkeka, anaangusha chupa ya chai. Mama mkwe wake hakujifunika, hakuinuka, wala hakumgeukia. Tuye alishika mkono wa mamaye. Bibi Kigae alipotoka nyuma ya jiwe na kusema "Hamjambo," Gumato alijibu kama kawaida.

"Hatujambo, bibi. Na wewe je? Na watu wako? Na mifugo?"

Golicha akafika kwenye runinga. Mkono wake ukashuka kando ya ukuta ukitafuta waya. Kobe akaanza kuchora mchangani, taratibu, mguu ukishuka, mguu ukizunguka. Shuka la Golicha likafunuka kidogo, upande wa runinga tu. Mkono uliokuwa ukitafuta waya ukapunguza mwendo, kisha ukasimama.

"Hii ni nini, wajukuu zangu?" kobe akauliza, akatega sikio.

Gumato alilijua jibu. Alivuta pumzi alitoe kwa raha zake, kwa kuwa siku ile hakuna wa kumkatiza. Kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka ndani ya shuka, ndogo, ya haraka, ya mtu aliyezoea kujibu akiwa peke yake.

"Da."

Tuye alipigwa na butwaa. Ile chai ya kila siku, Fardosa anayetumwa kwa jirani, pazia linaloshushwa, yote yalimjia kwa pamoja, na akamtazama mumewe kama anamwona leo. Uani Molu alikuwa amesimama, ameinua kichwa. Gumato naye hasira zilimpanda upya, tena kali kuliko za mwanzo. Kumbe jioni zote zile alikuwa akitolewa darasani ili aingie mwanafunzi mwingine, mwanafunzi anayeona haya kusema anasoma. Alikuwa na mengi ya kumwambia mtu huyo, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na uwezo wa kuyasema. Golicha alisimama pale pale kichwa kimefunikwa, hawezi kuondoka, hawezi kukaa. Shuka lilikuwa linatetemeka kidogo.

Gumato hakuondoa macho kwenye runinga.

"Tuye," akasema, "mwambie mume wako hiyo ni ba, si da. Fimbo kwanza, tumbo baadaye. Na mwambie akae chini, ananizibia."